Kiapo juu ya maji: mwongozo kamili wa kucheza paladini kwenye kampeni ya baharini

Katika michezo ya mezani ya kuigiza wahusika, ambapo kundi hucheza hadithi ndefu (kampeni) wakiongozwa na mwendesha mchezo, paladini, yule mpiganaji wa imani aliyefungwa na kiapo, aliumbwa kwa ajili ya nchi kavu. Anavaa deraya nzito, anapanda farasi, anaingia kijijini, anamwadhibu mwovu, kisha anaondoka zake. Baharini farasi hana kazi, deraya inakuwa mzigo, na pa kuondokea hapapo. Baharia uliyemtuhumu wizi asubuhi ndiye atakayelala hatua mbili kutoka kwako usiku, na kesho ndiye atakayeshika kamba inayokuzuia usichukuliwe na wimbi. Wachezaji wakikutana na hali hiyo huangukia upande mmoja kati ya miwili: ama wanakiweka kiapo kabatini mpaka siku ya mapigano, ama wanageuka hakimu wa chombo kizima na kuwachosha wenzao mezani.

Mimi naona bahari ndiyo mahali pazuri kuliko pote pa kumcheza paladini, kwa sharti moja tu: kiapo chake kiandikwe upya kwa ajili ya chombo na watu waliomo, kabla nanga haijang'olewa.

Kanuni ninazozitumia hapa ni za Dungeons & Dragons, toleo la tano la 2014. Sehemu yake ya msingi, inayoitwa SRD 5.1, inapatikana bure na kihalali tangu Januari 2023 chini ya leseni ya Creative Commons, kwa hiyo asiye na vitabu asijione amefungiwa mlango. Majina ya miujiza nimeyaacha kama yalivyo kitabuni ili uyapate haraka. Anayetumia kanuni za 2024 akumbuke kwamba Divine Smite, lile pigo la nuru la paladini, sasa ni muujiza unaokula bonus action (tendo dogo la ziada katika zamu), hivyo huwezi kuurudia mara mbili katika zamu moja.

Hatua ya 1: Jueni chombo ni cha nani na kinaishi kwa nini

Kabla ya kushika karatasi ya mhusika, kaeni wote na mwendesha mchezo mjibu maswali machache. Chombo ni cha nani? Kinapata riziki yake wapi: biashara, doria, kubeba mahujaji, au kuwapora wengine? Hatari ikitokea, neno la mwisho ni la nani? Hili la mwisho lisiachwe lielee. Manahodha wengi, chombo huenda mrama, na mezani huenda mrama zaidi, maana kila mchezaji anajiona shujaa wa hadithi.

Kama wenzako wanne wamekubaliana kucheza maharamia, usije na paladini aliyeapa kupiga vita wizi wa kila namna ukitumaini kuwaongoa. Hutawaongoa. Mtakuwa na ugomvi ule ule kila kikao mpaka mmoja aache kuja. Omba badala yake kwamba maharamia hao wawe na mipaka yao, kisha mpaladini wako awe ndiye mlinzi wa mipaka hiyo.

Semeni pia wazi mambo ambayo hamyataki mezani. Bahari ina vifo vya kuzama, utumwa, mateso ya mateka, njaa inayowafanya watu watazamane vibaya. Mtu aliyepoteza ndugu majini hapaswi kukutana na tukio hilo kwa kushtukizwa usiku wa Jumamosi akiwa amekuja kucheza.

Hatua ya 2: Mpe kazi ya kila siku

Mapigano baharini ni machache, safari ni ndefu. Paladini asiye na kazi kati ya pambano na pambano hugeuka mzigo, na mabaharia hawampendi abiria anayewahubiria huku wao wakivuta kamba.

Kazi inayomfaa zaidi ni ile ambayo maharamia wa Atlantiki wa mwanzoni mwa karne ya 18 walimpa ofisa wao wa pili, aliyechaguliwa na mabaharia wenyewe. Yeye ndiye aliyegawa nyara, akaamua magomvi madogo, na kusimama kati ya nahodha na watu. Soma mkataba wa Bartholomew Roberts, aliyeuawa mwaka 1722: unakataza kucheza kamari kwa fedha, unataka taa zizimwe saa mbili usiku, unampa nahodha na ofisa huyo mafungu mawili mawili ya nyara, na unamtengea fidia ya dola 800 aliyepoteza kiungo kazini. Wale walikuwa majambazi, lakini walikuwa na sheria iliyoandikwa, na kila mtu aliiapia. Mpaladini akiwa ndiye mtunza mkataba wa namna hiyo, kiapo chake kinapata mahali pa kufanyia kazi kila siku: leo nani amepunjwa maji, nani amemficha mwenzake nyara, aliyevunjika mguu atalipwaje.

Akiwa hataki hayo, awe tabibu. Lay on Hands, uwezo wake wa kuponya kwa kugusa, inampa pointi tano za uponyaji kwa kila ngazi aliyofikia mhusika, na pointi tano zinaondoa ugonjwa mmoja au sumu moja. Kuanzia ngazi ya 3 yeye mwenyewe hashikwi na ugonjwa, kwa hiyo homa ikiingia chomboni ndiye anayeshuka ngamani kuwahudumia wengine bila hofu. Upishi nao si kazi ya dharau. Anayegawa chakula na maji ndiye anayejua siri zote za chombo.

Hatua ya 3: Andika kiapo kinachoweza kupimwa

Hapa ndipo kazi yote ilipo, basi usikimbilie mbele.

Viapo vilivyomo kitabuni vimeandikwa kwa maneno makubwa: ukweli, ujasiri, huruma, heshima, wajibu. Ni maneno mema, lakini hayamwambii mtu afanye nini mtumbwi wa adui unapozama na mikono inaponyooshwa juu ya maji. Chukua kila neno kubwa ulishushe mpaka liwe tendo moja ambalo mtu yeyote mezani anaweza kusema ulilifanya au hukulifanya. Anza na hali tano ambazo kampeni ya bahari haiwezi kuzikwepa: adui anayezama, mateka, nyara, amri mbaya ya nahodha, na chombo kinachobeba watu waliofungwa.

Tuseme mhusika wetu ni Zuhura, aliyelelewa kwenye nyumba ya ibada iliyo juu ya mnara wa taa, ambako kazi ya watawa ni kuwasha moto usiku ili vyombo visipande mwamba. Kiapo chake kinaweza kusomeka hivi:

*Aliye majini si adui tena, mpaka apande sitaha akiwa na silaha.*

*Mateka wangu atakunywa maji ya pipa ninalonywea mimi.*

*Sitakula fungu la mali iliyotoka kwa mvuvi.*

*Katika upepo na mawimbi nitamtii nahodha bila kuuliza. Katika damu nitamtii baada ya kumuuliza mbele ya watu wote.*

*Chombo chenye watu waliofungwa ngamani hakitanipita.*

Tazama kinavyofanya kazi. Kifungu cha kwanza kinamruhusu kupigana kwa nguvu zake zote, halafu kinamgeuza mwokoaji dakika hiyo hiyo adui anapoanguka, na humo mna tukio tayari: wenzake wanataka kuondoka, yeye anatupa kamba. Cha tatu hakimkatazi nyara zote, kwa hiyo anaweza kuishi na wenzake wanaopora meli za mfalme dhalimu. Cha nne kinamwokoa na ugonjwa mkubwa wa mapaladini, yaani kubishana na nahodha katikati ya tufani, ila kinabakiza haki ya kuuliza pale roho ya mtu inapokuwa mezani. Na cha tano ni zawadi kwa mwendesha mchezo: umemwambia waziwazi jambo litakalokufanya uhatarishe chombo kizima.

Cha tano hicho kijadiliwe na wachezaji wenzako mapema, kwa sababu kinawagusa wao kuliko wewe. Muulizane: siku hiyo ikifika, tutakwenda wote, au Zuhura atashuka na mashua peke yake? Jibu lolote ni zuri. Kibaya ni kulijua jibu siku ile ile.

Kuhusu aina ya kiapo utakayoiandika kwenye karatasi ukifika ngazi ya 3: Oath of Devotion ndiyo iliyomo kwenye kanuni za bure, na kwa chombo ni bora kuliko inavyosifiwa, kama tutakavyoona kwenye mapigano. Oath of the Ancients inamfaa mlinzi wa miamba, visiwa na viumbe vya bahari. Oath of Vengeance inamfaa mtu anayewinda meli moja tu maishani mwake, lakini wengi husahau kwamba kiapo hicho kinadai pia kuwasaidia waliodhuriwa na adui huyo. Baharini maana yake ni kwamba ukishaizamisha ile meli, kazi haijaisha. Kuna wajane bandarini.

Hatua ya 4: Chota kwenye historia, kutoka pande zote mbili

Wapiganaji wa imani waliokuwa mabaharia walikuwepo kweli. Shirika la Mtakatifu Yohane lilianza kwa kuhudumia wagonjwa mjini Jerusalem, likaishia kuwa jeshi la baharini: lilikaa kisiwa cha Rhodes tangu mwanzo wa karne ya 14 mpaka 1522, kisha Malta tangu 1530 mpaka 1798. Ndugu wa shirika hilo waliweka nadhiri, waliendesha hospitali, na waliwinda meli za Waislamu kwa meli za makasia. Upande wa pili, kwenye pwani ya Afrika Kaskazini, kulikuwa na ribati, ngome za ibada na ulinzi. Ile ya Monastir, Tunisia, ilijengwa mwaka 796, na watu wake waligawana muda kati ya sala na kuangalia upeo wa bahari. Mnara wa Zuhura unaweza kuota juu ya msingi wa aina hiyo bila kulazimisha chochote.

Kuna watu wawili wa enzi hiyo ambao kila mwendesha mchezo angefaa kuwafahamu. Jean de Valette, aliyekuja kuwa mkuu wa shirika la Malta, alitekwa mwaka 1541 akapiga makasia kama mtumwa kwa takriban mwaka mzima. Turgut Reis, nahodha mkuu upande wa Waosmani, alitekwa mwaka 1540 naye akawa mtumwa wa makasia mpaka alipokombolewa miaka michache baadaye. Mwaka 1565 walikabiliana kwenye mzingiro wa Malta, na Turgut akafia hapo. Wote wawili waliyajua maumivu ya mnyororo, na meli za pande zote mbili ziliendelea kusukumwa na watumwa. Hilo ndilo fundo la kumfunga nalo paladini: kiapo chake ni safi, lakini chombo kinachombeba kinaenda kwa mikono ya nani?

Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tuna jambo la kuongeza ambalo vitabu vingi vya michezo hii havilitazami. Wareno walikuja na msalaba mwekundu wa Shirika la Kristo kwenye matanga yao. Machoni pao ilikuwa safari ya imani. Mwaka 1505 kikosi cha Francisco de Almeida kiliiteka Kilwa kikaichoma na kuipora Mombasa, na mwaka 1593 ndipo ujenzi wa Ngome ya Yesu ulipoanza, ngome ambayo Waomani waliichukua mwezi Desemba 1698 baada ya kuizingira tangu Machi 1696. Mtu aliyesimama ufukweni akiyaona matanga yale yanakaribia hakuona mashujaa. Basi katika kampeni yako, mara moja walau, mpaladini wako apokewe na kijiji kilichowahi kuunguzwa na watu wenye alama ileile iliyo kifuani pake. Usikimbilie kujitetea. Muulize mzee wa kijiji kilitokea nini, halafu amua Zuhura ataivua ile alama, ataificha, au atabaki nayo na kuibeba aibu yake.

Pepo nazo ni hazina. Anayetunga bahari yake akaipa misimu miwili kama kusi na kaskazi anapata kitu ambacho ramani peke yake haitoi: vyombo vinavyokwama bandarini miezi kadhaa vikisubiri upepo ugeuke. Katika miezi hiyo paladini anakaa na watu, anafunga urafiki, anaweka ahadi. Upepo ukigeuka, ahadi hizo ndizo zinazomuumiza kuziacha.

Hatua ya 5: Mwili, deraya na maji

Turudi kwenye namba, kwa sababu kuzama kunaua haraka kuliko upanga.

Mhusika anaweza kuzuia pumzi dakika moja, ukiongeza dakika moja kwa kila pointi ya nyongeza ya Ustahimilivu. Mwenye Ustahimilivu 14, yaani nyongeza ya 2, ana dakika tatu. Kuvua deraya nzito kunachukua dakika tano. Deraya ya kati inavuliwa kwa dakika moja, na ngao kwa tendo moja la zamu. Ukiziweka namba hizo pamoja unaona mara moja: aliyezama na deraya kamili ya mabamba hawezi kuivua kabla pumzi haijaisha, ila aliyevaa bamba la kifua anaivua na bado ana dakika mbili za kurudi juu. Kanuni za msingi zenyewe hazisemi deraya nzito inakuzamisha, lakini waendesha mchezo wengi wa kampeni za bahari huongeza adhabu ya kuogelea. Uliza mapema, kisha andika jibu kwenye karatasi yako.

Ushauri wangu: miliki deraya mbili. Ile ya mabamba, inayogharimu vipande 1,500 vya dhahabu na kukupa AC (kipimo cha ugumu wa kupigwa) ya 18, ikae ndani ya sanduku kwa siku za nchi kavu. Chomboni vaa bamba la kifua la vipande 400. Ukiwa na Wepesi 12 utapata AC 15, na kwa ngao 17. Ndiyo, umepoteza pointi tatu. Lakini unalala ukiwa hai. Siku mwendesha mchezo akikupa Mariner's Armor, deraya ya ajabu inayokufanya uogelee kwa kasi ya mwendo wako na kukupandisha juu ukizimia majini, usiigawe kwa yeyote.

Ingawa wengine hujenga paladini wa Wepesi kwa ajili ya bahari, mimi nabaki na Nguvu. Kuogelea kwenye mawimbi, kupanda kamba, kumsukuma adui nje ya ukingo, kumdaka mwenzako kabla hajaanguka: yote hayo ni Athletics, na Athletics ni Nguvu. Kwa half-elf (chotara wa binadamu na elf, kiumbe wa hadithi) aliyejengwa kwa namba za kawaida unaweza kuanza na Nguvu 16, Haiba 16 na Ustahimilivu 14, bila kujinyima.

Kwenye silaha, weka upanga mrefu pembeni uchukue mkuki. Chini ya maji, asiye na kasi ya kuogelea anashambulia kwa kurusha dadu mbili na kuchukua ndogo, isipokuwa akitumia jambia, mkuki, mkuki wa ncha tatu, fumo la kurusha au upanga mfupi. Mkuki wa mkono mmoja pamoja na ngao na mtindo wa Dueling unakupa d6 (dadu ya pande sita) na nyongeza ya 2. Ukilinganisha na upanga mrefu wa d8 unapoteza pointi moja tu kwa wastani, na hubadilishi silaha kila unapolowa. Kumbuka tu kwamba ukiurusha mkuki, Divine Smite haifanyi kazi. Lazima pigo liwe la mkononi.

Hatua ya 6: Miujiza ya kuandaa

Kwa siku za kawaida za safari, Bless (baraka), Command (amri) na Cure Wounds (kuponya majeraha) hazihitaji kuelezwa zaidi. Za kufikiriwa ni hizi nyingine.

Purify Food and Drink huondoa sumu na ugonjwa kwenye chakula na vinywaji. Mapipa yaliyooza katikati ya safari yanakuwa salama tena. Je, maji ya chumvi nayo? Andiko halisemi hivyo, kwa hiyo amueni mapema. Mimi ningekataa, kwa sababu kiu ni mojawapo ya vitisho vichache vya bahari visivyohitaji zimwi. Ukifika ngazi ya 9 unapata Create Food and Water, inayotoa chakula cha kilo 20 hivi na maji ya lita 113, chakula cha watu 15 kwa siku. Kwa chombo cha mabaharia 40 hiyo haitoshi, na kutotosha kwake ndiko kunakoleta hadithi: nani wale 15?

Zone of Truth, inayozuia uongo, ni ya mateka. Find Steed, inayokuitia mnyama wa kupanda, watu huiacha wakisema farasi wa nini baharini, ilhali maelezo yake yanamruhusu mwendesha mchezo kukubali wanyama wengine. Omba farasi-bahari mkubwa. Daylight, pamoja na yote, ni taa ya kuongozea: duara la mwanga lenye nusu-kipenyo cha futi 60, na kwa mtu kama Zuhura ni kama kurudi nyumbani kila anapoitoa.

Searing Smite iache bandarini kama mnakwenda kupigana chini ya maji, maana kilichozama kabisa kinapunguziwa nusu ya madhara ya moto. Divine Smite ni ya nuru, na kwa kanuni za 2014 haihitaji kutamka neno, kwa hiyo inafanya kazi hata mdomo ukiwa umejaa maji.

Hatua ya 7: Simama penye usukani

Kosa la kawaida la paladini kwenye sitaha ni kukimbilia omo, wa kwanza kurukia chombo cha adui. Kuanzia ngazi ya 6 una Aura of Protection: wewe na kila rafiki aliye ndani ya futi 10 mnaongeza nyongeza yako ya Haiba kwenye dadu za kujinusuru. Nchi kavu watu hutawanyika na futi 10 hazifiki mbali. Chombo ni kidogo, na kuna mtu mmoja ambaye akipotea wote mmepotea, naye ni mshika usukani.

Chukua harpi, wale mazimwi nusu mwanamke nusu ndege wanaoroga kwa kuimba. Wimbo wao unasikika umbali wa futi 300, na kila anayeusikia anahitaji 11 kwenye dadu ya Busara, la sivyo anatembea kuufuata, hata kama njia iliyonyooka inaishia ukingoni mwa chombo. Mshika usukani asiye na nyongeza yoyote ananusurika mara 10 kati ya 20. Zuhura wa ngazi ya 6 mwenye Haiba 18 akisimama kando yake, sasa anahitaji 7 tu, yaani mara 14 kati ya 20. Ngazi ya 7, kama ni wa Oath of Devotion, anapata Aura of Devotion: aliye ndani ya futi 10 halewi wimbo kabisa. Harpi waimbe mpaka wachoke, usukani uko salama. Ila Zuhura akizimia aura inazimika naye, kwa hiyo mwenzako mmoja awe na kazi ya kumwinua.

Wakati wa kupandiana vyombo, mambo matatu yanatosha. Compelled Duel kwa nahodha wao, ili asiwaguse wengine kwa urahisi. Kusukuma badala ya kukata: pigo moja la zamu yako linaweza kubadilishwa kuwa msukumo wa futi 5, na adui akishakuwa majini kifungu cha kwanza cha kiapo kinaanza kazi. Na pigo la mwisho la mkononi unaweza kulitangaza kuwa la kuzimisha, siyo la kuua. Litangaze kwa sauti. Wenzako watajua mateka wanakuja, na watajiandaa na mjadala.

Hatua ya 8: Kukataa bila kuua mchezo

Itafika siku wenzako watataka kufanya jambo ambalo kiapo hakikubali. Usiseme tu "mhusika wangu hawezi kuruhusu hilo" ukakunja mikono. Nenda kwa ngazi.

Kwanza uliza, ukiwa ndani ya mhusika: "Nahodha, hawa tukiwaacha kisiwani bila maji, tutawaambia nini wenzao tukikutana nao?" Mara nyingi swali linatosha, kwa sababu limempa mwenzako nafasi ya kubadilisha nia bila kushindwa. Likigoma, toa njia nyingine yenye faida: mateka analipiwa fidia, maiti hailipiwi. Ikigoma hiyo nayo, lipa gharama mwenyewe: "Maji yao yatoke kwenye fungu langu." Hapa ndipo paladini anapowapata mabaharia, maana wameona anatoa chake. Ngazi ya mwisho ni kusimama kati, silaha ikiwa chini. Ukifika huko, simamisheni mchezo dakika chache mzungumze kama marafiki, si kama wahusika, mwafikiane hadithi iende wapi.

Jambo moja lisifanywe kamwe: kumchongea mwenzako kwa mamlaka za bandarini kwa siri. Kitabu cha kanuni hakikukatazi, lakini meza haitakusamehe.

Hatua ya 9: Kiapo kikivunjika

Kitavunjika. Mashua itajaa na mtu mwingine bado yuko majini. Zuhura atashika kasia kusukuma mashua mbali, na kila mtu mezani ataliona hilo.

Mwendesha mchezo asimnyang'anye nguvu zote papo hapo katikati ya hatari. Amalizie pambano, kisha yeye na mchezaji wakae pembeni waamue. Kitabu kinapendekeza toba ya mkesha wa sala, mfungo, au kujinyima kwa namna hiyo, na baharini kujinyima kunaonekana na wote: zamu ya kufua maji ngamani usiku kucha, kulala sitahani penye mvua, fungu lote la nyara kupelekwa kwa familia ya aliyeachwa. Lipangiwe mwisho unaojulikana, kwa mfano mpaka bandari ijayo, kwa sababu adhabu isiyo na mwisho humfanya mchezaji aombe mhusika mpya. Kwa muda huo mwachie Lay on Hands, ili bado awe na faida kwa wagonjwa, na mzuilie Divine Smite peke yake.

Wa kuamua kwamba toba imetosha wawe mabaharia. Mwendesha mchezo awape majina na sauti wanne au watano kati yao, kila mmoja aseme neno lake, na wachezaji wengine wapige kura kwa niaba ya waliobaki. Kura ikipita, Zuhura anasoma kiapo chake upya mbele yao, akikiongezea kifungu kimoja kilichozaliwa na usiku ule wa mashua, na kuanzia alfajiri inayofuata nguvu zake zinarudi zote.